Erchie Mutch na Mpira Mmoja wa Watu Wawili

Mchungaji wetu, ndugu wafiwa, majirani wa Portarroch, wanachama wa klabu, na ninyi wa viti vya nyuma mliokuja kanisani na viatu vya gofu mkidhani hatutaviona, familia imeniomba niwasomee maisha ya mpendwa wetu Archibald Mutch, ambaye hakuna aliyemwita Archibald isipokuwa mama yake akiwa amekasirika, sisi wengine wote tulimwita Erchie. Mimi ni Shona Geddes, binti wa Geordie na Mina, na marehemu alikuwa baba yangu mdogo kwa kumwoa mama mdogo Effie, kwa hiyo wanaojua habari za sufuria wameshatambua kwamba msomaji ametoka kambi ya adui. Hilo alilitaka marehemu mwenyewe, alisema nikisoma mimi, baba yangu atalazimika kukaa kimya huku akisemwa, jambo ambalo hakuwahi kulishuhudia akiwa hai.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1944, katika chumba kilichokuwa juu ya tanuri la mikate la baba yake, Mtaa wa Kanisa, hapa hapa Portarroch, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa marehemu James Mutch na marehemu Isabella. Kwa kuwa chumba kile kilikuwa na joto kuliko chumba kingine chochote mjini, Erchie alikuwa akilalamika kwamba alidanganywa tangu siku ya kwanza kuhusu hali ya hewa ya nchi hii, na kwamba alipotolewa nje kwa mara ya kwanza, upepo wa baharini ukampiga usoni, alilia kwa kuonewa na si kwa utoto.

Alianza shule ya msingi ya Portarroch mwaka 1949, akamaliza mwaka 1956, kisha akaendelea na sekondari kule Banff hadi mwaka 1959, na katika miaka yote hiyo hakung'ara sana darasani, kwa sababu dirisha la darasa lake la kwanza, hapa Portarroch, lilitazama shimo la tatu la uwanja wa gofu, na mtu akiwa na akili timamu hawezi kutazama ubao wakati mwalimu mkuu yuko kule nje, ndani ya handaki la mchanga, anapiga mpira mara saba bila kutoka. Ripoti yake ya mwisho iliandikwa kwamba Archibald anajua upepo unatoka upande gani, lakini hajui jibu linatoka upande gani, na mama yake aliisoma ripoti ile kwa sauti mezani, akidhani atamwaibisha, kumbe baba yake ndiye aliyeuliza, "Na leo unatoka upande gani?" Erchie akajibu bila kuinua kichwa kwamba unatoka kaskazini mashariki na utageuka kabla ya chai, na ukageuka.

Mwaka huo huo wa 1959 aliingia kazini kwenye tanuri la familia, akalirithi mwaka 1971 baba yake alipofariki, akalishika hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2010. Mliokua hapa hamhitaji kuambiwa habari za mikate yake ya siagi na chumvi, ambayo mtu aliila akiwa bado barabarani, mafuta yakimtiririka hadi kwenye kiwiko, wala habari za vipai vyake vya nyama vilivyowafanya watu wa Buckie wapande basi kuja kununua chakula katika mji ambao kwa kawaida hawausemi vizuri. Kazi ya mwoka mikate huanza watu wamelala na kwisha watu wanapoanza kuchoka, na Erchie aliona huo ni mpango maalumu wa Mungu, kwamba saa sita mchana alikuwa ameshanawa unga mikononi na mchana wote uliobaki ulikuwa wa gofu.

Uwanja wetu mnaujua, mashimo tisa ya kwenda na upepo mgongoni, ukijiona fundi, na mashimo tisa ya kurudi na upepo usoni, ukijiona ulivyo. Erchie hakuwa mchezaji wa kuwapigia mfano watoto, alikuwa na mkwaju mfupi wa mtu anayesukuma mikate tanurini, lakini mpira wake ulikwenda chinichini, ukiruka vibonde na kupanda vilima vya mchanga, ukifuata ardhi kama kondoo anayerudi nyumbani, na upepo haukuupata kwa sababu haukujua uko wapi. Wageni waliokuja na mipira yao ya kupaa angani walimcheka kwenye shimo la kwanza, na kufikia shimo la kumi na mbili walikuwa wakimwuliza maswali kwa adabu.

Sasa nifike kwenye ndoa, na siwezi kufika kwenye ndoa bila kupita kwenye sufuria. Kila Septemba, kama tujuavyo, klabu huchezesha shindano la mpira mmoja, mwanamume na mwanamke wakishirikiana mpira ule ule, huyu akipiga mara hii, mwenzake akipiga mara inayofuata, kwa zamu, mpaka mpira uingie shimoni, na zawadi yake si kikombe cha fedha bali ni sufuria ya shaba ya kupikia jamu, iliyotolewa na bibi mmoja zamani za vita wakati fedha haipatikani. Washindi hupewa sufuria kwa mwaka mmoja, na wajibu wao ni kuchuma matunda ya miiba yanayoota kandokando ya uwanja, kuyapika humo, na kumpa kila mwanachama chupa yake ya jamu. Majina ya wachezaji wasio na wenzi huchanganywa ndani ya kofia ya nahodha, na mwezi Septemba 1966 jina la Erchie Mutch lilitoka pamoja na la Euphemia Rennie, msichana wa simu kwenye ofisi ya posta, aliyekuwa amejifunza gofu kwa miezi mitatu tu na aliyeingia shindano kwa sababu dada yake Mina alimwambia hataweza.

Kwenye shimo la pili, mama mdogo Effie aliupiga mpira moja kwa moja ndani ya kijito, akageuka akiwa mwekundu hadi masikioni, akaanza kusema, "Bwana Mutch, samaha..." naye Erchie akamkatiza palepale.

"Hapana, hapana. Kwenye mpira mmoja hakuna samahani."

"Lakini nimeuzamisha!"

"Tumeuzamisha. Ungeenda vizuri ningekuwa naringa sasa hivi, ningewaambia watu wote tumepiga. Kwa hiyo tumeuzamisha. Haya, nipishe, zamu yangu, nina kazi ya kuvua viatu."

Akavua viatu, akaingia kijitoni, akaupiga, maji na matope yakamrukia kifuani, mpira ukasogea kama upana wa meza. Walishindwa vibaya siku ile, lakini Effie alitembea kurudi nyumbani akicheka peke yake, na Mina alipomwuliza anacheka nini, akajibu kwamba amekutana na mwanamume wa kwanza maishani mwake ambaye hajamweleza kosa lake lilikuwa nini.

Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 8 Juni 1968, upepo ukiwa mkali kiasi kwamba shela ya bibi harusi ilikamatwa na Geordie Geddes, fundi bomba, mchumba wa Mina, karibu na shimo la kumi na nane, na Geordie anadai mpaka leo kwamba huo ndio msaada pekee aliowahi kumpa Erchie ndani ya mipaka ya uwanja. Kanuni ile ya kutokuombana samahani waliihamisha pamoja na vyombo vyao, wakaiweka nyumbani. Ni desturi ya uwanja wetu, kila mtu anaijua, lakini sijaona wengine walioiishi jikoni. Effie akiunguza supu, Erchie alichukua mkate na jibini, akakata vipande viwili. Erchie akisahau siku ya kuzaliwa ya mkewe, na aliisahau mara nyingi, hakukutwa akijieleza, alikutwa kesho yake asubuhi akipaka rangi mlango ambao Effie alikuwa akiulalamikia tangu masika. Mtu akikosea, mwenzake alipiga mkwaju unaofuata, basi. Nimeona ndoa nyingi zenye maneno matamu kuliko hiyo, na sijaona iliyokuwa na amani kuliko hiyo.

Walijaliwa watoto wawili, Catriona, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1970, ambaye ni mwalimu Aberdeen, na Fergus, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1973, ambaye baba yake alimpeleka uwanjani akiwa na miaka sita, naye akausukuma mpira kwa mguu hadi shimoni, akasherehekea, na tangu hapo familia ikakubali kwamba ana kipaji kingine. Wajukuu ni wawili, Iona na Struan, na wote wawili walifundishwa na babu yao kuoka kabla ya kufundishwa kusoma.

Nirudi kwenye sufuria, maana baba yangu ameanza kutazama dari. Geordie na Mina Geddes waliichukua sufuria ile mara nyingi, na jamu ya mama yangu, naisema kwa mapenzi yote, ilikuwa ya kuzibia bomba, kiasi kwamba watu walidhani wazazi wangu wanapika kwa ajili ya kazi ya baba. Effie, ambaye jamu yake ya kawaida iliyopikwa kwenye sufuria ya bati ilikuwa ikichukua nafasi ya kwanza kila maonyesho ya kanisa, hakuwahi kuipata ile ya shaba hata mara moja. Kila walipokaribia, Geddes alikuwa mlangoni. Na hapa lazima iwekwe wazi kwa vijana na kwa wageni kwamba katika mchezo wetu, mpira ukiwa karibu kabisa na shimo, hata kipofu angeuingiza, mpinzani mwungwana humwambia mwenzake, "Okota," maana yake tumekupa, usisumbuke kuupiga. Erchie alisema "okota" kama anavyogawa mikate, hata kwa mipira iliyokuwa mbali kiasi cha kutia mashaka. Geordie Geddes ana mkono wa birika. Tangu wajuane hakuwahi kumwambia Erchie wala Effie neno hilo, hata mpira ukiwa umeegemea ukingo wa shimo unachungulia ndani.

"Okota, shemeji, usijisumbue," Erchie angemwambia.

"Asante, shemeji," Geordie angejibu, akiokota. Kisha, ikifika zamu ya Erchie, "Twende, mwoka mikate, upige. Nina hamu ya kuona."

Mwaka mbaya kuliko yote ulikuwa 1988. Walikuwa fainali, familia hizi mbili, wakiwa sawa, na kwenye shimo la kumi na mbili Erchie aliupiga mpira ndani ya vichaka vya miiba ya maua ya manjano, wote wanne wakaingia kuutafuta, wakachanika mikono, wakatukanana kwa upole, mpaka Mina akauona. Erchie kwa furaha ya kuuona alisahau dunia, akajibana kati ya miiba, akaupiga mkwaju ambao waliouona wanausimulia mpaka leo, mpira ukatoka kama panya, ukapita kati ya vilima viwili, ukapanda zulia, maana ndivyo tunavyoyaita yale majani mafupi yanayolizunguka shimo, ukasimama chini ya bendera. Geordie aliungojea utulie kabisa, akawasha kiko chake, ndipo akasema, "Mkwaju mzuri sana, shemeji. Sijawahi kuona mzuri hivyo. Shida yake ni moja tu, ilikuwa zamu ya Effie."

Na ilikuwa zamu ya Effie, kwa sababu aliyeuingiza kichakani ni Erchie mwenyewe, na anayepiga zamu isiyo yake hupoteza shimo, wakalipoteza shimo, na mwishoni wakapoteza fainali kwa shimo hilo hilo moja. Mama mdogo Effie ameniambia kwamba safari ile ya kurudi kutoka shimo la kumi na mbili, Erchie alikuwa anafungua mdomo na kuufunga kila baada ya hatua chache, neno likiwa ulimini, na yeye alimtazama tu kwa jicho la kusema thubutu uone. Hakuthubutu. Lakini Jumatatu iliyofuata alimletea sarafu ya zamani ya shaba yenye pembe kumi na mbili, iliyokuwa kwenye droo ya mama yake, akamwambia, "Hii ndiyo zamu. Nikipiga, nakupa. Ukipiga, unanipa. Asiye na sarafu asiguse fimbo." Tangu mwaka huo mpaka mwaka huu, mkiwaona wamesimama katikati ya uwanja wameshikana mikono, ninyi mliodhani ni mahaba ya uzeeni hamkukosea, lakini ndani ya mikono ile kulikuwa na sarafu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Machi 2019, akalazwa kwa muda mfupi hospitalini Elgin, na daktari alimkataza kubeba mfuko wa fimbo na kupanda vilima. Alirudi nyumbani, akatoa fimbo zote mfukoni akabakiza tano, akasema huo sasa si mfuko, ni pochi, na kuhusu vilima akasema Portarroch haina vilima, ina mikunjo. Mwaka 2022 hali ilirudi tena, na daktari wake, dada tunayemshukuru kwa uvumilivu, alimwambia waziwazi mbele ya Effie kwamba upepo wa Septemba si rafiki wa moyo kama ule. Walikwenda nyumbani wakalizungumza, wakakata shauri pamoja kwamba ataendelea kucheza, na familia inapenda ijulikane kwamba waliamua wote wawili, wala hakuna aliyemvuta mwenzake.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba Jumamosi tarehe 28 Septemba mwaka huu wa 2024, Erchie Mutch akiwa na miaka themanini, yeye na Effie walikuwa fainali tena, na mbele yao, kama kawaida, Geordie na Mina. Nilikuwepo. Nusu ya mji ilikuwepo. Walifika shimo la kumi na nane wakiwa sawa, upepo usoni, wazee wanne wakitembea taratibu kama watu wanaokwenda benki. Effie alianza, Erchie akafuata, Effie akaupiga mpira ukaishia kabla ya bonde lililo mbele ya zulia, lile bonde ambalo limewala watu tangu enzi za babu zetu. Erchie akatoa fimbo yake ya zamani, akaubingirisha mpira, ukashuka, ukatoweka, ukapanda upande wa pili ukiwa umechoka, ukavuka ukingo, ukasogea, ukasogea, ukasimama hatua mbili kutoka shimoni. Watu walipiga kelele mpaka mbwa wa ufukweni wakajibu. Erchie alimpa Effie sarafu, akasema, "Zamu yako, mama," akaenda kukaa kwenye mteremko wa majani, akavua kofia. Geordie akapiga akakosa, Mina akauingiza, ikawa wametumia mikwaju sita, na Effie alikuwa akisimama kupiga wa tano, wa sufuria. Alizunguka shimo kama anavyozunguka siku zote, akageuka kumwangalia mumewe, akamwona ameweka mkono kifuani. Fimbo ikaanguka pale pale.

Wa kwanza kumfikia alikuwa baba yangu. Alimlaza, akavua koti lake akamfunika, akamshikilia kichwa mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na muda wote alikuwa akimfokea. "Usinifanyie hivi, Erchie Mutch. Mjinga wewe. Usinifanyie hivi mbele ya watu." Erchie alimwambia, "Nyamaza, Geordie, Effie anataka kupiga."

Alilazwa Elgin siku tano. Kila alipoamka alimwuliza Effie, "Umeupiga?" na Effie akajibu, "Bado," naye akasema, "Vizuri. Usikubali kupewa." Jumatano jioni alikula kipande cha mkate wa siagi uliookwa na Iona, akasema chumvi imepungua, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, mkewe na watoto wake wakiwa kando yake, mpendwa wetu Erchie aliaga dunia.

Mpira bado uko pale. Mtunza uwanja, Bwana Innes, aliufunika kwa ndoo ili shakwe wasiuibe, akawa anakata majani akiizunguka ndoo, na tangu siku ile hakuna mtu aliyelichezea shimo la kumi na nane, watu wanamaliza kwenye la kumi na saba na kwenda kunywa chai. Kamati ilikaa, ikabishana, wengine wakasema mchezo ufutwe, wengine wakasema watoke sare, mpaka nahodha wetu, Bibi Lorna Farquhar, akatoa uamuzi kwamba mchezo hauishi mpaka mpira uingie au uokotwe, kwamba zamu ni ya Effie na Effie yupo, lakini akikosa, zamu inayofuata ni ya Erchie, na zamu ya Erchie haiwezi kupigwa na mtu mwingine yeyote duniani, kwa hiyo akikosa watakuwa wameshindwa. Ni mkwaju mmoja tu.

Ijumaa iliyopita baba yangu alikwenda nyumbani kwa marehemu akiwa amebeba kitu kikubwa kilichofungwa kwa magazeti. Mama yangu alikuwa nyuma yake, macho yamevimba. Niliwafungulia mlango mimi. Geordie alisimama sebuleni bila kukaa, akaiweka ile sufuria ya shaba mezani, akasafisha koo.

"Effie," akasema, "okota. Tumekupa."

Nawaambia ukweli, ndugu wafiwa, sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa baba yangu, na lilimtoka kwa shida kama jino. Mama mdogo Effie aliisukuma sufuria ikamrudia.

"Geordie Geddes," akasema, "umetunyima mipira ya urefu wa kidole tangu nikiwa na nywele nyeusi. Erchie hakufa ili wewe upate huruma. Ungekuwa mimi ungeokota?"

"La hasha."

"Basi beba sufuria yako utoke nayo."

"Ni hatua mbili, Effie, na pale panateremka kushoto. Nami sitakuonea haya. Nitasimama pale nikukodolee macho."

"Usipokodoa nitajua hukumpenda."

Hapo ndipo baba yangu alipokaa chini, akalia, na Effie akamwekea chai, na hakuna aliyemwomba mwenzake samahani.

Jana jioni, nilipokuwa nikimsaidia kuandaa nguo za leo, mama mdogo alinishika mkono akaniuliza, "Shona, nikikosa je?" Alikuwa anaogopa, na si sufuria aliyokuwa akiiogopa. Aliogopa kuwa yeye ndiye atakayeuharibu mkwaju wa mwisho wa mumewe. Jana nilimfunga vifungo tu vya koti. Leo ninalo jibu, na nitalisema kabla sijashuka hapa.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa Elgin, waliomhudumia marehemu kwa upendo na waliovumilia kufundishwa namna ya kuukanda unga, kwa majirani wa Mtaa wa Kanisa walioleta supu nyingi kuliko vyombo, tafadhali mje mchukue vyombo vyenu, kwa wote waliofanya naye kazi tanurini, ambao usiku wa kuamkia leo waliliwasha tena tanuri lile la zamani ili tule mikate yake mchana huu, kwa Bwana Innes na ndoo yake, kwa nahodha na wanachama wote, na kwa Mchungaji, aliyekubali ibada iwe fupi ili tuwahi kabla upepo haujageuka. Baada ya maziko, kabla ya chai, wote mnakaribishwa kwenye zulia la kumi na nane. Tunaomba simu zizimwe, na mbwa washikwe.

Erchie, baba mdogo, ndoo itaondolewa leo. Geordie atakuwa amesimama pale akikodoa macho, kama alivyoahidi. Sarafu iko kwenye mfuko wa kulia wa koti la Effie, ameishika hivi sasa ninavyosoma, namwona. Mpira ukiingia, jamu itapikwa wiki hii, na kwa mara ya kwanza tutakula jamu halisi kutoka kwenye sufuria ile. Usipoingia, mama mdogo, jibu langu ni la mumeo, alikupa tangu shimo la pili, mwaka 1966, akiwa hana viatu: mtakuwa mmekosa wote wawili, na kwenye mpira mmoja hakuna samahani.

Pumzika kwa amani, Erchie. Mkwaju wako ulikuwa mzuri. Zamu ni ya Effie.